Gari Liko Bandarini, Jalada Halijulikani Liliko

Mtu akikusimulia alivyoagiza gari Japani, sehemu kubwa ya hadithi huwa ni kodi. Mengine husemwa haraka haraka, "halafu kukawa na usumbufu kidogo," mkono unapungwa hewani, basi. Mimi naona tunasimulia kinyumenyume. Kodi ina fomula. Usumbufu hauna fomula, na ndio ulionilia hela ambazo sikuwa nimezipangia.

Tumalizane na kodi kwanza. Chukua gari ambalo thamani yake, pamoja na bima na nauli ya meli hadi Dar es Salaam, ni dola 2,000. Injini yake ni kati ya 1,000cc na 2,000cc, na umri wake umepita miaka kumi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani dola 500. Sasa gari limekuwa la 2,500. Juu ya hiyo 2,500 kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa ajili ya ukubwa wa injini, dola 125, halafu kuna ule wa uchakavu, asilimia 30, dola 750. Tumefika 3,375. Hapo ndipo VAT inapoingia na asilimia 18 yake, na haiingii kwenye bei ya gari peke yake, inaingia kwenye gari na ushuru wote uliokwishalipwa: dola 607 na nusu. Ukijumlisha unakuta kodi ni karibu dola 1,983, na bado hujalipa ada ya forodha, tozo ya reli wala ada ya usajili. Kwa kifupi, umenunua gari moja na umelipia mawili.

Wapo wanaolia kwa hesabu hiyo. Mimi sikulia, kwa sababu niliiona kabla ya kutuma hata senti kwa muuzaji. Kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato, kuna kikokotoo cha magari yaliyotumika: unachagua aina, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi lilikotoka na ukubwa wa injini, kinakutemea thamani na kila kodi kwa mstari wake, kwa dola na kwa shilingi. Lawama ya miaka mingi ni kwamba thamani ile inatoka kwenye kanzidata ya mamlaka. Bahati ikikuangukia mnadani ukapata gari kwa bei ya chini, mara nyingi bahati hiyo haitambuliki forodhani. Ni lawama ya haki. Lakini nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya namba kubwa ninayoijua nikiwa kitandani kwangu na namba ndogo nitakayoambiwa dirishani, nachukua kubwa. Katika safari nzima ya kuingiza gari, kikokotoo ndicho kitu pekee kilichoniambia jambo mapema na kisha kikasimamia neno lake.

Na kwenye ule ushuru wa uchakavu pana falsafa ya nchi nzima. Wakenya wamesema gari lisizidi miaka minane, limezidi halishuki. Waganda tangu 2018 wanazuia lililofikisha miaka kumi na mitano. Sisi hatukuweka ukomo, tuliweka bei. Ndiyo maana barabara zetu zimejaa IST, Vitz na Raum za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ukiiona ya namna hiyo Mombasa, ujue imezeekea huko huko. Huku kwetu bado zinashuka melini zinameremeta, zimepigwa polishi, na mtaani zinaitwa mpya kwa sababu pleti yake ni mpya. Umri wa gari Tanzania ni herufi ya kwenye pleti: namba C ni mzee, namba D bado anajitahidi, namba E mwenyewe anapaki sehemu ya kuonekana.

Langu ni IST ya 2006, NCP60, injini ya 1298cc. Hela ya gari ililipwa, hela ya kodi ilikuwa benki imelala inangoja. Nikajiona nimemaliza kazi.

Kisha meli ikafika, nami nikaanza kukutana na ofisi.

Gari la kuagiza halitoki kwa mtu kwenda na bahasha yake. Linapita kwa wakala wa forodha mwenye leseni, ambaye huingiza tamko kwenye mfumo. Nyuma yake yupo wakala wa meli, anayetuma manifesti, yaani orodha ya mizigo iliyomo melini, na kutoa kibali cha kukabidhi mzigo baada ya kulipwa chake. Yupo mwenye eneo gari liliposhushwa, iwe bandari yenyewe au bandari kavu. Wapo forodha wa kuthamini na kukagua nyaraka, wapo watu wa viwango wa kuangalia kama gari linafaa barabarani, halafu usajili, halafu bima, halafu mtengenezaji wa pleti. Kila mmoja ana kazi yake halali, na nikiulizwa yupi aondolewe sina jibu la haraka. Shida yangu ni kwamba kila mmoja anaanzia pale mwenzake alipoishia, akikuta kasoro anakurudisha wewe. Yeye mwenyewe harudi. Mifumo imeunganishwa, naambiwa, na mimi naamini. Ila kasoro haisafiri kwenye mfumo. Kasoro inasafiri kwa bodaboda, na abiria wake ni mwenye gari.

Kasoro ya kwanza ilikuwa jina. Hapa kwetu mtu ana majina matatu: lake, la baba, la babu au la ukoo. Kitambulisho cha taifa kinayo yote matatu, TIN, ile namba ya mlipakodi, inayo yote matatu. Muuzaji wa Japani ana vyumba viwili tu kwenye fomu yake, jina la kwanza na la mwisho, kwa hiyo ankara ikaja na majina mawili, na hati ya shehena, ile ambayo kila mtu bandarini huiita BL, ikafuata ankara. Dirishani nikaambiwa hawa ni watu wawili. Nikatoa kitambulisho. Kijana aliyekuwa ndani akakiangalia, akaniangalia, akacheka kwa upole kabisa: "Kaka, mimi nakuona ni wewe. Mfumo ndio haukuoni."

Basi nikaenda kwa wakili kula kiapo. Mtu mzima, baba wa watoto, nimesimama mbele ya meza yenye feni inayolia nikiapa kwamba mimi mwenye majina mawili na mimi mwenye majina matatu tunaishi ndani ya shati moja. Muhuri ukagongwa. Namba yangu ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yangu ya kuzaliwa. TIN ina tarakimu tisa. Namba ya malipo ya serikali ina tarakimu 12. Nilikuwa nimeziingiza zote, zote zilikubali, na bado kilichomaliza ubishi ni karatasi iliyochapwa steshenari ikiwa na kosa la herufi kwenye neno "Jamhuri".

Ile ya jina nawasamehe. Ya pili ndiyo iliyonipa hamu ya kuandika.

Wajapani kwenye hati zao za serikali huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme aliyepo. Enzi ya Heisei ilianza Januari 1989 ikaisha Aprili 2019, ndipo ikaingia Reiwa. Gari langu lilisajiliwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 18 wa Heisei. Unahesabu mwaka wa kwanza kuwa 1989, unafika 2006. Hati huja na tafsiri, na tafsiri yangu iliandika 2006 vizuri kabisa. Lakini mahali fulani, kwenye kiti fulani, kuna mtu alisoma ile ya Kijapani, akaona 18 iking'aa peke yake katikati ya maandishi asiyoyajua, akajaza 2018. Manifesti ikaondoka hivyo.

NCP60, lile umbo la kwanza la IST, liliachwa kutengenezwa 2007. Yeyote aliyewahi kupanda teksi Dar es Salaam akilitazama hawezi kulidhania la 2018. Lakini hakuna aliyekuwa akilitazama. Gari lilikuwa yadi linachomwa na jua, vumbi la Kurasini likianza kulizoea, na sisi tulikuwa tukijadiliana na karatasi zake mbili zinazopingana.

"Shikamoo mama," nilimwambia mhusika wa dirisha la kwanza.

"Marahaba mwanangu. Hii kweli imekosewa. Ila sisi tunapokea tu, waliotuma ndio wanaorekebisha."

Kwa waliotuma, yaani wakala wa meli, nikamkuta kaka mmoja mwenye vipokea sauti shingoni. "Sisi tumeshatuma. Ikishatumwa haiko kwetu tena. Wao waiachie, sisi turekebishe."

Nikarudi kwa mama. Akaniambia wao hawaachii kitu bila barua ya maombi kutoka kwa aliyetuma. Kaka akasema hawaandiki barua bila uthibitisho wa muuzaji. Muuzaji, ambaye saa mbili asubuhi ya huku kwake ni saa nane mchana, akajibu kwa adabu zote za Kijapani kwamba nyaraka zao ziko sahihi na hawaoni cha kuthibitisha. Alikuwa sahihi! Kila mmoja katika mduara ule alikuwa sahihi kwa upande wake. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyeniomba kitu. Nilipewa viti. Mahali pengine nilipewa hadi maji. Nilizungushwa kwa heshima kubwa.

Siku nyingine mhusika yuko semina. Siku nyingine mtandao unasumbua, na hapo watu wote hunyanyua simu zao kwa pamoja kana kwamba kengele ya mapumziko imegongwa. Siku nyingine mhusika yupo, mtandao upo, lakini anayeidhinisha ni mwingine.

Yote hayo ningeyasimulia nikicheka kama yasingekuwa na bei. Gari likiwa kwenye eneo la kuhifadhia mizigo lina siku zake za bure, zikiisha storeji inaanza kuhesabiwa. Inahesabu Jumamosi na Jumapili. Inahesabu Iddi na Pasaka. Inahesabu siku ya semina. Mtu aliyejaza 2018 mshahara wake haukupungua hata shilingi, na aliyegoma kuachia, kwa sababu kanuni inamkataza, naye haukupungua. Muda ulioliwa na wote ukaletwa kwangu kwenye ankara moja iliyopangwa vizuri, ina nembo juu na VAT chini. Na ada ya kurekebisha manifesti ililipwa na mimi pia. Nilipouliza kwa nini nilipie kosa nisilolifanya, nikajibiwa swali kwa swali: "Sasa mzigo ni wa nani?"

Hili ndilo nalotaka watunga kanuni waliangalie, kuliko hata asilimia za kodi. Kuchelewa kwa mzigo kuna wasababishaji wengi na mlipaji mmoja. Maadamu mambo yako hivyo, hakuna dirisha lenye sababu ya kufanya haraka. Hata mabango ya kupinga rushwa yaliyobandikwa kila ukuta hayaligusi jambo hili, maana hapa hakuna aliyehongwa. Weka utaratibu mwepesi tu: kosa likithibitika limetoka kwenye ofisi, siku za storeji kuanzia siku ya kulalamika ziwe za ofisi hiyo. Uone kama barua haitaandikwa kabla chai haijapoa.

Sheria yenyewe si mbaya, hilo nalo niliseme. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 229, inampa mtu asiyeridhika na uamuzi wa forodha siku 30 za kuomba upitiwe upya. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu, na akikaa kimya hadi zikaisha, ombi linahesabika limekubaliwa. Ukimya wa ofisi unakuwa ushindi wa raia! Sijui kifungu kingine kitamu namna hiyo katika vitabu vyetu. Lakini ni utamu wa mezani. Mwenye gari la dola 2,000 akingoja siku 30 ili ashinde, storeji itakuwa imeshakula ushindi wenyewe. Kifungu kile kinamfaa mwenye kontena arobaini na mwanasheria. Wa IST anatafuta kishoka, yule wakala wa mtaani asiye rasmi.

Nizungumze kuhusu kishoka, maana anasingiziwa sana. Niliyekutana naye mimi hukaa chini ya mwembe karibu na steshenari, ana kibegi cha mgongoni na simu mbili, hana ofisi wala leseni. Nilimwendea nikiwa na tahadhari ya mtu aliyeonywa tangu utotoni. Nilitegemea atataja kiasi cha kumpa fulani ili fulani afumbe macho. Badala yake akaniuliza jalada langu limeishia hatua gani. Nikamwambia sijui. Akapiga simu, akaongea kidogo, akaniambia: "Mzee, jalada lako haliko unakokwenda kila siku. Lilishahamishwa. Linasubiri fomu fulani, na hiyo fomu haijaombwa kwa sababu kila mtu anadhani imeombwa na mwenzake."

Siungi mkono anavyofanya kazi, na sitasema alilipwa kiasi gani. Ila nataka tuelewe anauza nini. Alichoniuzia mimi ni habari. Katika mlolongo mzima, kuanzia meli hadi pleti, yeye ndiye mtu pekee niliyekutana naye anayeijua safari yote. Afisa wa dirisha la tatu hajui dirisha la tano wanataka nini, na hakuna anayemlipa ili ajue. Wakala wangu mwenye leseni alijua hatua zake na za jirani yake. Kishoka anajua zote, kwa sababu anakula kwa kuzijua. Kila mwaka tunatangaziwa kwamba vishoka watafukuzwa. Wanafukuzwa kweli, wanahama mwembe. Siku serikali ikimwajiri mtu mmoja wa mapokezi ambaye ukimpa namba ya chesesi anakuambia jalada liko kwa nani, tangu saa ngapi, na linangoja nini, wale vijana watatafuta kazi nyingine bila kufukuzwa na mtu.

Nikiwa pale nje nilikuwa nikiyatazama magari ya IT yakitoka. Hayo ni ya kupita tu, yanakwenda Zambia, Kongo, Malawi, yanashikwa na madereva wetu wanaoyakimbiza hadi mipakani kama Tunduma na kurudi kwa basi kufuata mengine. Linashuka gari la mtu wa Lubumbashi, ambaye pengine hajawahi kuiona bahari, linakamilishiwa karatasi, linaondoka. Nami nakaa Mbagala, napanda daladala kwenda kulitazama gari langu kwenye uzio. Mke wangu akawa ananiuliza jioni, "Baba, gari linaendeleaje?" kama mtu anayeulizia mgonjwa wa Muhimbili.

Msinielewe kwamba nasema haiwezekani. Imewezekana tayari, na kila mwenye gari la zamani anakumbuka. Zamani kulikuwa na leseni ya barabara ya kila mwaka. Stika ndogo kwenye kioo, foleni, faini ukichelewa, na deni lililoendelea kuota hata kwa gari lililokufa likakalishwa juu ya matofali uani. Kwenye bajeti ya 2017/18, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, akaifuta. Ada ikalipwa mara moja wakati wa kusajili, na fidia yake ikawekwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Serikali haikukosa hela yake, na mwenye kutembeza gari sana akalipa sana. Foleni ikatoweka, stika ikatoweka, na wala sijasikia mtu akiikumbuka kwa mapenzi. Haikuhitaji semina ya kubadili mtazamo wa watumishi. Walitazama hatua moja, wakajiuliza inafanya nini, wakaitoa.

Mwishowe manifesti ilirekebishwa. Sijui nani aliirekebisha. Asubuhi moja wakala alinipigia akasema imekaa sawa, kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba mvua imekatika. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio mpaka nikashangaa: kodi ikatoka benki kwa kiasi kile kile cha kikokotoo isipokuwa tofauti ndogo ya kubadili dola, ukaguzi ukapita, namba ikatoka. Pleti za njano zikafungwa. Ndani ya gari kulikuwa na harufu ya plastiki iliyokaa juani, na kwenye dashibodi redio inaongea Kijapani, na inaendelea kuongea mpaka leo kwa sababu fundi anataka hela nyingi kuinyamazisha.

Kadi ya gari ilipokuja, rangi imeandikwa kijivu. Gari ni la rangi ya fedha. Wakala akaniambia inarekebishika, kuna fomu, barua na ukaguzi kidogo. Nimeamua gari ni la kijivu. Trafiki wawili wameshaniuliza, nikawaambia ni vumbi, mmoja akacheka.

Sasa shemeji yangu ana Passo iliyosajiliwa Unguja, ina pleti ya Z, na amehamishiwa kikazi Morogoro. Anataka ahamie nayo. Jamhuri ni moja na boti ni saa chache tu, lakini ili gari likae Bara moja kwa moja lazima lipate pleti ya T, na kama kodi iliyolipwa Zanzibar ilikuwa ndogo, tofauti inadaiwa huku. Usajili wa vyombo vya moto umekuwa ukitajwa miongoni mwa kero za Muungano kwa miaka mingi, kwa hiyo yeye si wa kwanza kuikuna hiyo ngozi. Amenipigia akitaka nimweleze aanzie ofisi gani. Nimemtumia kiungo cha kikokotoo, nikamwambia ahakikishe majina yote matatu yapo kwenye kila karatasi, na nimemwelekeza ulipo mwembe.